Kumbukumbu ya mradi wa kreni: mzigo uliokuwa ukiteleza wakati wa kushushwa tu

Hatimaye kreni ya sitaha ya meli inakamata mzigo pale pale liva, yaani mkono wa kuiendeshea, inaporudishwa katikati. Ninaandika mapema, kabla uchungu wa kazi haujanitoka, kwa sababu hitilafu ilijificha mahali ambapo mafundi wengi hapa Kigoma hatupatazami.

Dalili ilikuwa hii: liva ikiachwa wakati wa kushusha, mzigo uliendelea kuteremka kiasi cha shubiri mbili ndipo ukakamatwa, na asubuhi, oili ikiwa bado ya baridi, uliteremka zaidi ya hapo. Kwa meli inayohudumia vijiji vya mwambao visivyo na gati, jambo hili si dogo hata kidogo. Saruji hushushwa kutoka sitahani hadi kwenye mitumbwi iliyosogezwa ubavuni, ndani yake wamesimama watu wanaoipokea kwa mikono, na upepo wa kusi ukivuma ziwani mitumbwi hiyo haitulii.

Mafundi waliotangulia walibadilisha sahani za breki, na hali ikabaki vile vile. Breki ya winchi ya kreni hii, yaani mashine ya kuzungusha ngoma inayokunja waya wa mzigo, hufungwa na springi na kufunguliwa na shinikizo la oili, na shinikizo hilo hutoka upande wa kushusha peke yake, kwani wakati wa kupandisha ngoma huzunguka kwa klachi ya upande mmoja huku breki ikiwa imefungwa. Sasa, mzigo uliopandishwa na kuachwa ukining'inia haukuteremka hata kidogo, ilhali sahani zilizochakaa au springi iliyolegea zingeuachia huo pia. Uvujaji wa ndani ya mota ya oili inayozungusha ngoma nao ungezidi oili inapopata moto na kuwa nyepesi, lakini hapa mambo yalikuwa kinyume kabisa.

Kilichobaki ni shinikizo kuchelewa kutoka. Nilifunga geji mbili, moja kwenye valvu ya kuongozea, mahali unapoanzia mpira wa breki, yaani bomba la raba linalopeleka oili huko, na nyingine kwenye breki yenyewe, kisha nikaning'iniza mifuko 20 ya saruji, yaani tani moja, karibu kabisa na sitaha. Liva iliporudi katikati, sindano ya geji ya kwanza ilianguka hadi sifuri papo hapo. Ile ya breki ilisita kwenye shinikizo la baa 20, ikajikokota, na ilipopita baa 12 hivi ndipo ngoma ikasimama. Kati ya geji hizo hapakuwa na kitu kingine ila mpira, na mpira huo huo ndio unaopeleka shinikizo la kufungua valvu ya kuzuia mzigo, ndiyo maana vyote viwili vilikuwa vikichelewa pamoja.

Kwa nje mpira ulikuwa mzima, bila jasho la oili wala ufa. Nilipoupasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma, niliona ngozi ya ndani imebanduka na kuwa ulimi wa raba, mpana kama ukucha wa kidole gumba, uliolala oili inapokwenda kwenye breki na kusimama inaporudi. Tunatumia oili ya daraja la 68, ambayo kwenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi huwa nzito takriban mara tatu kuliko kwenye nyuzi 40. Kupita ubavuni mwa ulimi ule asubuhi kuliichukua muda. Mpira mpya umefungwa, na sindano zote mbili sasa huanguka pamoja. Nilifurahi mno kuziona.

Kuhusu vifaa, geji iliyojazwa gliserini inastahili bei yake, kwa sababu sindano ya geji kavu hutetemeka pampu ikifanya kazi, na mtetemo huo ungeficha kabisa kule kusita. Tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie mfumo wa haidroliki, kwa kuwa vipande vyake huziba matundu madogo ya valvu.

Kazi iliyopangwa kufuata ilikuwa kukwangua kutu na kupaka rangi nguzo ya kreni, lakini nimeiweka kando. Nataka kufunga viungo vya kudumu vya kupimia shinikizo kwenye breki, kwenye valvu na kwenye silinda ya kunyanyulia mkono wa kreni, ili geji iungwe bila kufungua bomba lolote hata meli ikiwa safarini kuelekea Kalemie. Nafasi ya kiungo cha silinda nimekwisha kuipima. Ya valvu imebana, na huenda ikabidi kwanza nihamishe kibanio cha bomba la kurudishia oili.