Za ndani usipige

Jibu la mzee wa Kibirizi, hapa Kigoma, linanizunguka kichwani. Wiki ilikuwa na mambo, binamu kaolewa Ujiji na kazini wameniongezea mkataba, lakini mawazo yote yako kwenye kile chumba.

Mnamkumbuka, yule fundi anayepaka maboti rangi na kuyaandika majina. Chumba chake kakijenga kwa mbao za maboti yaliyochoka, na kwa masalia ya rangi ya mafuta kachora picha upande wa nje: samaki kama migebuka na kuhe, akina mama wakianika dagaa. Nilikuwa nazipiga picha moja moja, napima kwa tepu, naandika daftarini, mara akaniita ndani.

Ndani ni meli ya Liemba, ukuta mzima. Si hii tunayoijua. Ni ile iliyolala chini ya Ziwa Tanganyika, Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, kabla haijainuliwa 1924. Madirisha yanawaka, samaki wameketi kwenye viti vya abiria. Nikainua simu.

"Za ndani usipige, mwanangu."

"Kwa nini, mzee?"

"Hizo zinaniangalia mimi nikilala."

"Hata moja?"

"We tazama tu."

Kisha akawasha chemli, akaiinua juu na kunipitisha ukuta wote, mkono ukimtetemeka. Anakataa picha, halafu ananishikia taa?

Niliumia sana, maana chumba kikichukuliwa na maji bila picha, hakuna kitakachobaki. Maji hayako mbali na pale, na miaka hii sote tumeona ziwa linavyopanda. Mchoraji Edward Said Tingatinga naye hakusomea uchoraji, alianza 1968 kwa rangi za baiskeli, ila yeye alikuwa Dar es Salaam penye wanunuzi, na alipofariki 1972 walikuwepo vijana wa kuendeleza. Mzee wetu hana mwanafunzi hata mmoja.

Leo nikiwa kwenye bajaji pale Mwanga nikafungua daftari, na furaha ikanijaa. Kumbe nimeandika yote! Kuhe kashika usukani, dagaa wamebanana daraja la tatu, mgebuka mmoja kanyoosha tiketi. Na sasa nakumbuka vizuri: kila nilipoinama kuandika, chemli ilisimama. Alikuwa ananingoja nimalize mstari ndipo aisogeze. Jumamosi nitamsomea, aniambie nilichoruka.

Dada, ukipita hapa mpigie mama. Ameacha tena vidonge vya presha, anadai anajisikia vizuri.