Kanga asiye na kichwa

Jana mwanangu kamshika yule kanga wa udongo wa dirishani, akaniuliza mama mbona huyu hana kichwa, nani kamkata? Nikamwambia maliza kula kwanza. Akala, akasahau, akaenda kulala, mi ndo nikabaki macho.

Ilikuwa masika, na kulikuwa na oda ya hoteli ya kanga 40. Advansi nilishaila, kodi, ada, mtungi wa gesi, imekwisha. Mwili wa kanga ni rahisi, vibakuli viwili vya udongo unavibandika mdomo kwa mdomo kwa uji wa udongo, unatoboa tundu chini ya tumbo, basi. Kazi iko kwenye madoa, nayaweka moja moja na ncha ya chelewa niliyochovya kwenye udongo mweupe, mamia kwa kila ndege, mpaka vidole vinakufa ganzi. Ila kosa lilikuwa shingoni. Shingo nilizifanya nene, hazina uwazi ndani, niliogopa zitavunjika njiani.

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi kule Ikombe, ng'ambo ya Matema, kwenye Ziwa Nyasa, vyungu vyao wanavipeleka sokoni kwa mtumbwi. Hakuwahi kufinyanga ndege hata mmoja, lakini yeye ndo alinifundisha kuweka chungu shavuni kabla ya kuchoma, kikiwa cha baridi ujue maji bado yamo.

Na jioni ile nilimweka kanga mmoja shavuni, hili sijawahi kumwambia mtu. Tumbo lilikuwa kavu kabisa, nikampandisha kidogo shingo ikanigusa chini ya sikio, baridi, baridi ya mtungi wa maji. Nikasimama naye hivo hivo nasikiliza mvua kwenye bati. Halafu nikampanga tanurini na wenzake 39, nikafunga mlango, nikawasha.

Udongo mbichi unataka ukae chini ya nyuzi 100 kwa saa nyingi maji yatoke taratibu, maana yakishageuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo, na ndani ya shingo nene nafasi hiyo hakuna. Mi nilipandisha moto haraka. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nikasikia pa! Kimya. Nikajiambia labda ni bati. Halafu pa, pa-pa, kama bisi kwenye sufuria, nikazima gesi lakini ndani joto lilishapanda, zikaendelea, na mimi nikawa nazihesabu, sijui kwa nini nilikuwa nazihesabu, nilipofika 20 nikaziba masikio.

Asubuhi wamekaa kwenye rafu wamejaa madoa yao, vichwa vimekuwa changarawe. Wazima tisa. Hoteli nililipa kidogo kidogo karibu mwaka.

Watu huniambia ilikuwa ni haraka. Sijui. Nikikumbuka ile baridi naona nilijua kabisa, na ada ya shule ilikuwa Jumatatu, na sina hakika leo ningefanya tofauti.

Leo asubuhi mvua tena, kanga 12 wako kwenye rafu, mteja kashatuma meseji mara mbili. Nilikuwa nimeweka mmoja shavuni, mtoto akaja na sare zake akaweka shavu lake upande wa pili.

"Mama, wa baridi."

Nikamrudisha kwenye rafu.