Usiku Spika Ilipozima

Spika ilizima Mjomba akiwa ndiyo kwanza anavuta kiti mbele ili aone vizuri tutakavyoshtuka. Alikuwa ameleta kile kipande cha bafuni cha *Psycho*, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, na alikwisha mtishia sana mpwa wangu kwamba baada ya hapo hataoga tena bila kuchungulia nyuma ya pazia. Maji yakaanza kumwagika, Janet Leigh akainua uso, kivuli kikajitokeza, pazia likavutwa, kisu kikapanda na kushuka. Chumba kimya. Hakuna ukelele, hakuna violini. Kilichosikika ni feni ya projekta tu.

Mpwa wangu akageuka nyuma. "Babu, ndiyo hiyo tu?"

Huo ulikuwa usiku wetu wa vipande. Kila mtu alileta kipande kimoja kutoka filamu anayoipenda, kisichozidi dakika kumi, na ilikuwa marufuku kukieleza kabla hakijaonekana. Ukitaka kueleza, eleza baadaye. Ukiongea katikati, zamu yako imekwenda. Sheria hizo alizitunga dada yangu mkubwa kwa sababu alichoka na watu wanaosimulia filamu mpaka mwisho halafu ndipo wanasema, "Lakini lazima uione mwenyewe." Tulizima taa, tukaangalia ukutani, na kwa kweli hakuna mahali nilipojifunza kuangalia filamu kuliko pale.

Shemeji alichomoa waya, akachomeka, akabadilisha waya, akajaribu tundu jingine. Spika haikuitikia. Akapendekeza tuahirishe. Dada akakataa katakata. "Watu wameangalia sinema miaka na miaka kabla ya sauti kuwapo," alisema. "Tuendelee hivi hivi."

Mjomba hakutaka kuendelea kabla hajaitetea filamu yake, na utetezi wake ulikuwa wa haki. Hitchcock mwenyewe, alitueleza, alikuwa amepanga kipande kile kisiwe na muziki wowote. Bernard Herrmann, mtunzi wake, hakumsikiliza. Akaandika ule mlio wa nyuzi unaochoma kama sindano, akampigia, na Hitchcock akabadili mawazo palepale. Muziki wa filamu nzima umepigwa kwa ala za nyuzi peke yake. Kwa hiyo tulichokuwa tumekiona ukutani, Mjomba alisema, ni karibu na kile alichokitaka mwongozaji mwanzoni, na sote tulishuhudia kwamba mtunzi ndiye aliyekuwa na haki.

Nilikubaliana naye, ila kwa sehemu. Kisu bila violini kilikuwa harakaharaka tu za picha zilizokatwakatwa, na jicho lilianza kuhesabu mikato badala ya kuogopa. Lakini kisu kilipoondoka, mambo yakabadilika. Mkono unateleza ukutani. Vidole vinashika pazia, pete za pazia zinang'oka moja baada ya nyingine. Maji yanazunguka yakiingia kwenye tundu, kamera inalisogelea lile tundu jeusi mpaka linageuka kuwa jicho la marehemu, liko wazi, halipepesi. Hapo hata mpwa wangu aliacha kuzungusha miguu. Sehemu ile haikuhitaji kitu.

Basi jambo hilo likatuingia kichwani wote. Dada, ambaye zamu yake ilikwisha pita sauti ikiwapo, akaomba chake kirudiwe kikiwa bubu.

Yeye alikuwa ameleta *The Third Man*, filamu ya Carol Reed ya mwaka 1949, iliyopigwa Vienna wakati mji ule bado una vifusi vya vita. Ni pale Orson Welles anapojitokeza. Kwa muda mrefu tumeaminishwa kwamba Harry Lime amekufa na kuzikwa. Usiku, rafiki yake mlevi anasimama barabarani na kumpigia kelele mtu aliyejibanza gizani kwenye mlango. Tunachokiona ni viatu na paka aliyejilaza juu yake. Mwanamke wa ghorofani, amekerwa na kelele, anawasha taa yake, na mwanga wa dirisha lile unaangukia uso wa Lime. Si mzimu. Yuko hai, na anamtazama rafiki yake kwa tabasamu la mtoto aliyekutwa mafichoni.

Sauti ilipokuwapo, kipande hicho kilibebwa na zitha, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mezani na kupigwa kwa vidole. Aliyeipiga ni Anton Karas, mwanamuziki ambaye Reed alimkuta Vienna na kumpa filamu nzima mikononi. Mara ya pili, bila zitha, niliangalia mwanga. Uso ule unawaka kwa muda mfupi mno, kisha dirisha linazimwa na giza linammeza. Welles anainua nyusi kidogo, anakunja mdomo, basi. Muziki unakuambia kwamba mtu huyu anachekesha. Ukimya ulikuwa unasema jambo jingine: mtu huyu haoni haya hata kidogo. Na ukiijua filamu, ukijua amewafanya nini watoto wagonjwa kwa penisilini yake iliyochakachuliwa, hilo la pili ndilo lenye uzito. Dada aliguna tu. Kwa Dada, kuguna ni kura ya ndiyo.

Zamu yangu ilikuwa inafuata, na niliiogopa. Nilikuwa nimechagua kipande ambacho ni wimbo mtupu.

*Casablanca*, 1942, mwongozaji Michael Curtiz. Ndani ya mkahawa wa Rick, maofisa wa Kijerumani wamezunguka piano wanaimba wimbo wao wa kizalendo kana kwamba ukumbi ni wao. Victor Laszlo, mpigania uhuru anayewindwa na Wanazi, anakwenda moja kwa moja kwa wanamuziki na kuwaagiza wapige La Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa. Wanamuziki wanamtazama Rick kwanza. Rick anaitikia kwa kichwa. Ukumbi wote unasimama na kuimba mpaka Wajerumani wanashindwa na kukaa kimya. Nani anaangalia kipande hicho bila kusikia?

Nikakiwasha.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kichwa cha Rick. Katika kuimbishwa na wimbo ule miaka yote, nilikuwa nalichukulia lile itikio kama jambo la njiani tu, la kufungua mlango ili muziki uanze. Bila sauti ndilo linakuwa kilele. Humphrey Bogart hafanyi lolote zaidi ya kuinamisha kidevu kidogo, na mtu aliyekuwa akijigamba kwamba hajihatarishi kwa ajili ya yeyote ameshachagua upande.

Halafu nyuso. Laszlo anaimba shingo imemsimama. Mwanamke wa gitaa ameacha kutumbuiza, sasa anaimba kwa ajili yake mwenyewe. Ilsa, yaani Ingrid Bergman, haimbi. Amekaa, anamtazama Laszlo, mume wake, na usoni mwake fahari na hofu vinapokezana. Anaona alichokuwa amekipenda kwa mtu huyu, na anaona kitakachomponza. Na yule msichana Yvonne, ambaye muda mfupi kabla alikuja mkahawani na ofisa wa Kijerumani, sasa kamera imemkaribia, machozi yanamtiririka, na mdomo wake unatamka maneno nisiyoyasikia.

Aliyemwigiza Yvonne ni Madeleine Lebeau. Alikuwa Mfaransa, na mwaka 1940 alikimbia nchi yake pamoja na mumewe, Marcel Dalio, Wajerumani walipoivamia. Dalio naye yumo filamu hiyo hiyo, ndiye anayesimamia meza ya kamari. Conrad Veidt anayeigiza Meja Strasser, yule Mnazi mkuu, alikuwa Mjerumani aliyeihama nchi yake kwa sababu ya Wanazi. Ukumbi ule ulijaa wakimbizi wa kweli wakiigiza wakimbizi, na wakati picha zinapigwa Paris bado ilikuwa mikononi mwa Hitler. Hakuna aliyekuwa anajua vita vitaishaje. Nilikuwa nayajua hayo yote kwa kusoma. Usiku ule niliyaona, kwa sababu sikuwa na wimbo wa kujificha ndani yake.

Taa zilipowashwa ili watu wachangie, nilijaribu kuyasema haya na sauti ikanikatika. Shemeji akanipiga begani, akachukua zamu yake.

Yeye alileta mwisho wa *Blade Runner* ya Ridley Scott, ya mwaka 1982, filamu ambayo sinemani haikufanya vizuri hata kidogo ilipotoka, halafu ikapata waumini polepole mpaka leo watu wanaiangalia kama ibada. Roy Batty, binadamu wa kutengenezwa aliyebakiwa na dakika chache za kuishi, amemwokoa mtu aliyetumwa kumuua. Anakaa kwenye mvua, njiwa mikononi, na kutaja mambo aliyoyaona ambayo yatapotea kama machozi mvuani. Aliyepunguza maneno marefu ya mswada na kuongeza yale ya mwisho ni mwigizaji mwenyewe, Rutger Hauer, na Shemeji anayajua yote kwa moyo. Niliona midomo yake ikicheza gizani.

Niseme ukweli wangu: kipande hiki kilipungua. Uso wa Hauer ni mzuri mno, lile tabasamu dogo kabla kichwa hakijainama linatosha kumkalisha mtu. Lakini sauti yake ile ya chini, na muziki wa Vangelis unaopanda nyuma yake, ni nusu ya mwili wa kipande. Shemeji alibisha. Alisema mvua ilitosha. Tulibishana kwa muda mrefu, na yeye akaleta hata suala la njiwa, kwamba katika nakala ya kwanza anarukia anga ya buluu wakati mvua ilikuwa inanyesha, na kwamba walikuja kulirekebisha kwenye nakala ya mwaka 2007. Hilo ni kweli, ila halikuwa linahusu hoja yetu.

Rafiki yangu mmoja, mgeni wa usiku ule, si mwongeaji. Aliweka *Pather Panchali* ya Satyajit Ray, ya mwaka 1955, akarudi kukaa. Durga na mdogo wake Apu wametembea mbali na kijiji hadi kwenye uwanda wa nyasi ndefu zenye maua meupe. Kuna nguzo ya simu. Durga anaweka sikio kwenye nguzo na kusikiliza. Kisha kwa mbali, juu ya weupe wa maua, moshi mweusi. Watoto wanakimbia. Durga anajikwaa njiani. Apu anafika, na treni inapita kati yake na sisi. Tunamwona ng'ambo, mdogo kabisa, kupitia nafasi za magurudumu.

Sauti ya nguzo hatukuisikia. Lakini niliuona uso wa msichana anayesikia kitu asichokijua, na nikajikuta nimeinamisha kichwa upande kama yeye. Rafiki yangu baadaye alieleza jambo moja tu. Ray alianza kupiga picha sehemu hiyo, akaenda, na aliporudi baada ya siku chache ng'ombe walikuwa wamekula maua yote. Ilibidi asubiri msimu mwingine yachanue. Hakuwa na fedha, waigizaji wake wadogo wangeweza kurefuka, na bado alisubiri, kwa kuwa moshi ule mweusi bila maua meupe si kitu.

Ikabaki zamu ya mpwa wangu. Alikuwa ameandaa mbio za magari. Akaitazama spika, akasema anaahirisha chake, na kama Babu anataka kujirekebishia heshima, aweke kitu kisichohitaji spika.

Mjomba hakufikiri mara mbili. *City Lights* ya Charlie Chaplin, 1931, filamu isiyo na mazungumzo iliyotoka wakati filamu za kuongea zimekwisha tawala. Mwisho wake. Chaplin katoka jela, nguo zimechanika. Msichana muuza maua, aliyekuwa kipofu na ambaye Chaplin ndiye aliyempatia fedha za kutibiwa macho, anamwona kupitia kioo cha duka na kumcheka, maana hamjui. Anatoka kumpa ua na sarafu. Anamshika mkono ili amtilie sarafu kiganjani, na mkono wake unasita. Unapapasa vidole vyake, unapanda kwenye kola ya koti. Vidole vinamtambua mtu ambaye macho hayakumtambua. Ni wewe? Chaplin anaitikia, ua liko mdomoni, anagusa pembeni ya jicho: sasa unaona? Ndiyo, sasa naona.

Katikati ya kazi hiyo Chaplin alimfukuza Virginia Cherrill, aliyeigiza msichana huyo, akajaribu mwisho huo huo na Georgia Hale, kisha akamrudisha Cherrill. Ukimtazama mkono, unaelewa kwa nini.

"Amekasirika," mpwa wangu alisema. "Alitegemea tajiri."

"Hajakasirika," Mjomba akamjibu. "Hebu mwangalie."

"Sasa mbona hatabasamu vizuri? Na alimpaje hela za matibabu kama hana hata viatu?"

Dada aliona kwamba ubishi ule hauna mwisho kwa mtu aliyeona dakika tatu za filamu. Filamu yenyewe ni dakika 87 tu. Akairudisha mwanzo kabisa, pale wakubwa wa mji wanapozindua sanamu na Chaplin anakutwa amelala juu yake. Hotuba za wakubwa wale, sauti ikiwapo, ni milio ya puani isiyo na neno hata moja, Chaplin akizikejeli filamu za kuongea. Mzaha huo ungetupita. Mjomba akasogeza kiti karibu na ukuta, akabana pua, akaanza kutuhutubia kwa niaba ya wakubwa wale.