Laktati iliyoninyima usingizi Ng'ong'ona

Mashine yenyewe, ya MRI, sijawahi kuigusa. Iko Ujerumani, sumaku ya tesla 7 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na aliyelala ndani yake ni mtu wa kujitolea ambaye namjua kwa namba tu. Kazi yangu ilikuwa kukaa chumbani Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, nisome spektra, yaani mchoro wa vilele vya kemikali, ya kisanduku cha sentimita 2 kwa 2 kwa 2 cha ubongo wake: kemikali mbili za ubongoni, glutamati ni kiasi gani, glutamini kiasi gani.

MRI tuliyoizoea huchora picha kutokana na maji na mafuta mwilini. Spektroskopia, njia ya kusoma spektra hiyo, huyanyamazisha maji hayo, maana ni maelfu ya mara zaidi ya kemikali tunazozitafuta, halafu husikiliza haidrojeni za kemikali zenyewe. Kila kemikali ina mahali pake kwenye mstari wa spektra, unaosomwa kwa sehemu kwa milioni: NAA (kemikali ya seli za neva) 2.01, kriatini 3.03, kolini 3.2. Glutamati na glutamini zinabanana, 2.35 na 2.45. Kwenye tesla 1.5 pengo hilo ni hezi 6 hivi (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde), basi kilele kimoja kinakimeza kingine. Kwenye tesla 7 linafika hezi 30. Ndiyo raha ya sumaku kubwa.

Mimi raha hiyo sikuiona. Vilele vyangu viwili vilishikana kama kichuguu kimoja, na pale 1.3 kulivimba kitu. Laktati hukaa 1.33, na ikizidi ubongoni ni dalili kwamba nishati haitengenezwi inavyopaswa. Nikamwandikia mwenzangu aliyeko kule: "Kaka, huyu mtu wako ni mzima kweli?" Akajibu: "Mzima, bwana. Alipotoka kwenye mashine alipanda baiskeli akaenda zake."

Siku tatu nilihangaika na programu ya kukokotoa. Nilibadili awamu ya ishara, nikanyoosha mstari wa chini wa spektra, wapi! Na programu haina aibu: ukiipa takataka inakurudishia jibu lenye desimali tatu.

Usiku wa tatu kwaya ya jirani ilikuwa ikijiandaa kwa Pasaka. Sauti ya besi ilikuwa inapotoka, na mwalimu wao, mtu mkali kweli, akawanyamazisha wote akaanza kuwaimbisha besi mmoja mmoja. Nililala chali nikiwalaani. Ghafla nikakumbuka kwamba faili langu ni wastani wa vipimo 64, kila kimoja sekunde 5, na mimi sijakitazama hata kimoja peke yake!

Asubuhi nikaomba data ghafi. Bando liliisha katikati, nikaongeza, ikaingia. Nikavipanga vipimo vyote 64 juu hadi chini na kukifuata kilele cha NAA. Hadi cha 40 kilele kilishuka wima kama uzi wenye timazi. Cha 41 kikaruka hezi 14, kikabaki hukohuko.

Yule bwana alikuwa amesogeza kichwa. Kisanduku kilikuwa kisogoni, karibu na fuvu, kwa hiyo kichwa kilipohama, mafuta ya ngozi ya kichwa yakaingia ndani. Ile "laktati" yangu ilikuwa mafuta. Ningejua mapema kama ningetulia: laktati ya kweli huonyesha vilele viwili vyembamba vilivyoachana hezi 7, wakati changu kilikuwa kilima kipana chenye mdogo wake pale 0.9, ambako laktati haina kitu kabisa.

Nikavitupa vipimo 24 vya mwisho. Ubora wa ishara ulishuka kwa kama moja ya tano, lakini glutamati na glutamini ziliachana, na pale 1.3 pakalala.

Mwenzangu roho ilimuuma. "Hivyo 24 si ungevisogeza tu hezi 14 virudi kwenye mstari?" Nikamwambia masafa naweza kuyarudisha, ila ubongo uliopimwa si ule tena, kisanduku kilishahamia kwingine. Akanyamaza kidogo. "Haya, nitamwita tena. Safari hii nitamjazia mito masikioni."