Mamiya Begani, Mlima Meru

Mamiya RB67 iliingia sokoni mwaka 1970 ikiwa imekusudiwa wapiga picha wa studio, watu wasio na sababu ya kuiondoa kamera kwenye stendi tangu asubuhi hadi jioni. Ikiwa na lenzi ya milimita 90 na kasha la filamu, uzito wake unakaribia kilo 3, na hapo hujahesabu lenzi ya pili, mita ya mwanga, filamu zenyewe wala stendi ya miguu mitatu. Mwezi Februari mwaka 2016 niliubeba mzigo huo wote kwenda Mlima Meru pamoja na marafiki waliotaka kufika kileleni. Mimi nilikuwa ninafuata koni ya majivu, kilima cha volkano kilichosimama ndani ya kreta, yaani shimo kubwa la mlima. Nilitaka niipate kwenye negativu ya sentimita 6 kwa 7, ambayo hata ukiikuza ikaenea ukutani, mifereji iliyochimbwa na mvua huonekana mmoja mmoja.

Katika lango la Momella, mizigo ilipokuwa ikipimwa, mwongozaji wetu aliliinua begi langu kidogo kisha akalirudisha chini taratibu.

“Kaka, humu umepakia jiko la mkaa?”

Akanishauri nimpe mpagazi. Ushauri huo ungefaa kwa nguo na vyakula, lakini wapagazi hutangulia, na wewe unapofika kwenye kibanda wao wameshachemsha chai zamani. Kamera iliyoko saa mbili mbele yako haiwezi kumpiga picha mbega anayekutazama kutoka juu ya mti. Begi likabaki mgongoni mwangu, na msaidizi wa mwongozaji, kijana mchangamfu ambaye wenzake walimwita Dogo, akajitolea kubeba stendi kwa kuwa yeye angetembea nasi.

Siku ya kwanza, tukipanda kuelekea kibanda cha Miriakamba kilichoko mita 2,514, niligundua kwamba uzito haukuwa tatizo kubwa kuliko yote. Mbele yetu alitembea askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na kundi halikuruhusiwa kuachana, hivyo kila niliposimama walisimama wote. Kutandaza stendi, kufunga kamera, kupima mwanga, kusogeza mvukuto, ile sehemu inayokunjuka kati ya lenzi na kamera, hadi picha ikae sawa, kisha kufungasha upya, ni kazi ambayo mtu mwenye simu mkononi haielewi, na sikumlaumu. Nikaanza kuchagua kwa ukali. Mandhari nzuri niliziacha zipite, zile nzuri sana nikazitazama mara mbili, na hata baada ya ukingo uitwao Mgongo wa Tembo, katika ngazi zile za mbao zinazovunja magoti, filamu yangu ya kwanza, yenye nafasi 10 tu, ilikuwa haijaisha.

Jioni ya siku ya pili, katika kibanda cha Saddle kwenye mita 3,570, nilimweleza mwongozaji kwamba usiku ningepanda nao hadi Rhino Point tu, mahali palipo njiani kabla ya kilele.

“Umelipia kilele, kaka,” alisema, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mteja anayetupa fedha zake.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Ukuta wa mashariki wa mlima ule ulibomoka zamani, kwa hiyo jua linapochomoza mwanga huingia moja kwa moja ndani ya kreta na kuipiga koni ubavuni, na kwa muda mfupi kila kovu lake hutoa kivuli. Kwa mwendo wangu chini ya mzigo ule, mwanga huo ungenikuta njiani, mahali pasipo na nafasi ya kusimamisha stendi. Kilele cha Ujamaa kingeweza kusubiri.

Tuliondoka saa 7 usiku. Wenzangu walipoendelea kutoka Rhino Point, Dogo alibaki nami, tukajibanza nyuma ya mawe tukipeana chai ya chupa. Kulipoanza kupambazuka upepo ulikuwa mkali, na mvukuto wa kamera ukiufungua hunasa upepo wote, hivyo Dogo akasimama upande unaotoka upepo, amefungua koti lake kwa mikono miwili. Mita ilitaka nusu sekunde. Niliinua kwanza kioo cha ndani ili kishindo chake kisitikise picha, nikasubiri upepo uvute pumzi, kisha nikabonyeza waya wa kufyatulia picha. Filamu ilipoisha nilivua glavu, na ulimi ulikuwa mkavu kiasi kwamba nililamba karatasi yenye gundi mara kadhaa kabla filamu haijakubali kufungika. Dogo naye aliinama juu ya kioo cha kutazamia, akanyoosha mkono mbele ya lenzi, akauona ukiingia kutoka upande usio wake, kwa kuwa kioo kile hugeuza kushoto kuwa kulia. Aliurudia mchezo huo mpaka nikamkumbusha kuhusu koti.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Kila hatua begi lilinisukuma mbele, na kufikia Miriakamba mikanda ilikuwa imenichubua mabega yote mawili.

Filamu nilizisafisha mwenyewe nyumbani. Picha ya koni ilitoka kama nilivyoitaka, nikaikuza hadi upana wa sentimita 60. Nilipompelekea Dogo nakala ndogo za picha zote achague yake, aliipita ile bila kusita akachukua nyingine, ambayo upindo wa koti lake umeingia kwenye kona na kufunika sehemu ya mlima.