Zamu yangu katika chumba cha buluu

Saa 12 alfajiri niliamka huku giza bado limeifunika Seattle, nikanywa chai ya tangawizi nikiwa nimesimama, nikawahi basi. Mimi ni mlinzi katika jumba la sanaa, kazi ambayo ndugu zangu wa Gongoni, pwani ya Kenya, huidhani ni ya kukimbizana na wezi, kumbe ni kazi ya kusimama.

Saa 2:30 nilikagua chumba nilichopangiwa mwezi huu, chenye picha tisa za sayanotaipu, yaani picha za buluu zinazochapwa kwa mwanga wa jua kwenye karatasi iliyopakwa dawa, hizi zikiwa zimetengenezwa kwa maji na barafu. Kipima mwanga hakitakiwi kuzidi laksi 50, kwa kuwa rangi hiyo hupauka ikimulikwa mno. Mhifadhi wetu wa karatasi aliwahi kuniambia kwamba picha iliyopauka ikilazwa gizani, sehemu ya buluu yake hurudi yenyewe polepole. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizima taa za jioni kwa adabu zaidi.

Milango ilifunguliwa saa 4. Wageni walikuwa wachache, nami nikapata nafasi ya kuitazama picha ya tatu kutoka mlangoni, ambayo ndiyo iliyonikamata. Haina mtu, mti wala upeo wa macho. Chini kuna buluu nzito kama nili ambayo bibi aliitia katika maji ya mwisho ya kufulia kanzu; juu yake imetambaa miiba myeupe iliyochanua kutoka pembeni, mingine myembamba kama unyoya, na mahali inapokutana pamebaki vidimbwi vya kijivu vyenye chembe za mchanga.

Wengine huona majira ya baridi papo hapo, lakini mimi niliona chumvi. Nimekulia karibu na mashamba ya chumvi, ambako maji ya bahari huingizwa katika vidimbwi vipana visivyo na kina, jua likayanywa siku baada ya siku, mpaka ukoko mweupe ukaanza kushika kingoni na kusogea kuelekea katikati. Ukiinama alfajiri, kabla upepo haujavuruga maji, utaona miiba hiyohiyo.

Saa 6 mzee mmoja aliniuliza kama kazi hizi ni za Meghann Riepenhoff, anayejulikana kwa kulaza karatasi ufukweni ili mawimbi yenyewe yachore, na ambaye baadhi ya picha zake huendelea kubadilika kwa sababu hazisafishwi kikamilifu. Nilimjibu kwamba ni za msanii mwingine aliyeshika njia hiyo. Tulizungumza kidogo juu ya John Herschel, aliyevumbua mbinu hii mwaka 1842, na Anna Atkins, ambaye mwaka uliofuata alianza kuchapisha picha za mwani kwa njia hiyohiyo. Mwani wa Atkins ni mzuri, ila umetulia mno, kila jani mahali pake kama sahani kabatini. Hapa karatasi iliachwa nje, maji yakaganda juu yake mwanga ukiwa bado unafanya kazi, na barafu ikajichora kabla ya kuyeyuka.

Saa 8 alipita mama mmoja wa Bukavu, msimamizi wa usafi, nikamweleza habari ya chumvi.

“Chumvi wapi, mwanangu?” alisema bila kusimama. “Ile ni kioo ya gari yangu ya leo asubuhi. Nimeikwangua dakika kumi.”

“Haya, mama,” nilijibu, na nikawa nimeshindwa, kwa sababu tangu hapo kila nikiitazama ile picha nauona mkono wake ukikwangua barafu.

Nilijifariji kwa jambo moja tu. Dawa inayopakwa kwenye karatasi ni mchanganyiko wa chumvi za chuma, kwa maana ya maabara; mwanga wa jua huzigeuza, na zikioshwa, zile ambazo hazikupigwa na jua huondoka na maji, buluu ikabaki. Kwa hiyo chumvi ilikuwamo, ingawa si ile ya kwetu, na haikuwa pale nilipokuwa nikiitafuta: nilikuwa nikiiona katika weupe, ilhali iliyobaki iligeuka kuwa buluu. Sikumfuata mama kumwambia, angecheka.

Saa 10 kijana alipiga picha kwa flashi, nikamzuia kwa upole.

Wageni walitoka saa 11. Nilizima safu ya kwanza ya taa, halafu ya pili, na ile miiba ndiyo iliyokawia kupotea. Kisha nikaandika katika daftari la zamu: chumba cha buluu, saa 11:20, picha tisa, taa zimezimwa.