Nilivyopinduka mara sita kwa saa moja, na kamba nilizobadilisha kwenye Laser yangu

Niseme mapema, mimi sio baharia wa kusomea. Nimekulia Msasani, Dar es Salaam, bahari naijua kwa ngalawa ya baba mdogo, nimeshika demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga, na kufua maji toka niko darasa la tatu. Kwa hiyo nilivyopata Laser ya mtumba, faiba imechoka, tanga limepauka mpaka namba hazisomeki, nilijiona nimemaliza kazi. Kiboti cha mita 4.2, bodi tupu kilo 59, mtu mmoja, tanga moja, kamba nne tano basi. Nikasema hiki si cha watoto hiki.

Aisee. Siku ya kwanza kusi la mwezi wa saba limekaza nikapinduka mara sita ndani ya saa moja. Mara ya sita nilikuwa nimekaa juu ya tumbo la boti kama kunguru, mikono imekufa, ikapita ngalawa inarudi toka kisiwa cha Bongoyo, mzee mmoja kashika kana, yaani mpini wa usukani, akanipigia kelele:

"We mwanangu, unakwenda wapi?"

"Shikamoo mzee. Naenda Mbudya."

"Marahaba. Na mlingoti unatangulia kwenda wapi?"

Wakacheka wote mle ndani, ila walinivuta mpaka ufukweni kwa hiyo siwezi kulalamika.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa kichwa cha ngalawa. Ngalawa ina matengo, yale magogo ya kuizuia isipinduke, pande zote mbili, upepo ukikupiga ghafla tengo linazama kidogo, unalegeza demani, mnaendelea na stori zenu. Laser haina tengo, tengo ni wewe mwenyewe na makalio yako, ukichelewa sekunde moja kujitupa nje uko majini. Halafu mlingoti wake haujashikwa na kamba yoyote ya pembeni, ni vipande viwili vimechomekwa kimoja juu ya kingine kisha vyote vimeingizwa kwenye shimo la bodi, na tanga limevalishwa kama soksi. Na ghuba yetu wakati wa kusi ni ya ajabu, upepo unakuja juu ya Masaki unapita katikati ya maghorofa, hapa kimya hapa kofi, mpaka utoke nje kidogo ndio unatulia.

La pili ni kilo. Mimi nina 62. Tanga kubwa la Laser, hii ambayo siku hizi wanaiita ILCA 7, ni mita za mraba 7.06 na linataka mtu wa kilo 80 hivi. Nilijidanganya miezi minne kwamba nitazoea, nikanywa na uji wa ulezi asubuhi na jioni, wapi. Mwisho jamaa mmoja akaniuzia tanga la Radial, ndio ILCA 6, mita za mraba 5.76, pamoja na kile kipande cha chini cha mlingoti maana ndicho kinachobadilika, cha juu ni kilekile na bodi ni ileile. Wiki hiyohiyo kupinduka kukapungua na sikuwa nimejifunza kitu chochote kipya. Kwa hiyo kama ni mwepesi kama mimi usianze na ushujaa, anza na tanga.

Sasa kuinua. Nilidhani ni nguvu, nilikuwa naogelea mbio mpaka upande wa pili, nanyakua dagabodi, ule ubao unaochomekwa katikati ya boti kwenda chini majini, naning'inia kwenye ncha yake natingisha kama napiga pampu. Hapo unaweza kuivunja, na nguvu zinaisha. Kinachotakiwa ni uzito uliotulia. Boti ikilala ubavu unakanyaga dagabodi karibu na bodi kabisa, unashika ukingo, unalala nyuma, unasubiri. Tanga limejaa maji, haliwezi kutoka kwa haraka zako, linajivua polepole halafu ghafla linakuja lote. Ikiwa imegeuka kabisa tumbo juu ni hivyohivyo ila unaanza kwa kusimama kwenye ukingo huku umeshika dagabodi, unaegemea, unahesabu, mimi huwa nafika thelathini kabla haijaanza kusogea na zamani nilikuwa nakata tamaa kwenye kumi.

Kilichonitesa zaidi ni kuinua kisha inapinduka tena upande wa pili, mara hii juu ya kichwa changu. Ilinichukua muda kuelewa. Ukiona tanga limelala upande ule upepo unakotoka, yaani joshini, likitoka tu majini upepo unaingia chini yake unalirusha. Dawa ziko mbili. Moja, ogelea na omo, yaani pua ya boti, mpaka liangalie upepo, shika kamba ya mbele, tulia, mwili wako kwenye maji unafanya kazi ya nanga na boti inajigeuza yenyewe, ndipo urudi kuinua. Ya pili ni ya ubishi kidogo, unainua hivyohivyo ila huiachii dagabodi, unaikumbatia, boti inaruka na wewe unapita nayo chini ya maji unaibukia upande mwingine ambako sasa ndio joshini, uko palepale pa kupanda. Mara ya kwanza nilikunywa maji ya chumvi ya kutosha chai ya wiki. Lakini inafanya kazi.

Na bora kuliko yote ni kutoingia majini kabisa. Ukiona inalala, usiruke ndani ya tanga na usining'inie kwenye bumu, ule mti wa chini ya tanga, maana uzito wako ndio unaoigeuza tumbo juu. Vuka ukingo kama unaruka ukuta wa jirani, shuka juu ya dagabodi, lala nyuma, rudi ndani. Siku hizi kuna siku narudi nyumbani nywele kavu.

Tukija kwenye kamba, hapa ndipo nilipogundua kwamba mapinduko yangu mengi nilikuwa nimeyafunga mwenyewe ufukweni.

Vangi, ile inayovuta bumu kwenda chini. Yangu ilikuwa ya kizamani, kapi (puli) chache, ukiikaza na upepo ukaongezeka haifunguki hata ukiitukana. Sasa ukilegeza demani ukiwa umelala kidogo, bumu linagusa maji, haliwezi kwenda nje tena, boti inajikwaa juu yake, kwisha. Nikaongeza kapi mbili nilizonunua kwa mzee anayeuza vyuma chakavu vya boti, nikazungusha kamba nyembamba ngumu isiyovutika, sasa naikaza kwa mkono mmoja na kubwa zaidi naifungua kwa mkono mmoja. Nikipinduka upepo ukiwa mkali kitu cha kwanza kabla sijainua ni kuifungua hiyo, na kuhakikisha demani inakimbia bure. Boti ikiinuka vangi imekazwa na demani imekwama, tanga linashika upepo hapohapo linaondoka bila wewe au linalala tena.

Ndio maana vile vibanio vya demani vya pembeni nikaving'oa. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliviweka ili apumzishe mkono. Kupumzisha mkono kwenye kusi la mwezi wa saba, sijui alikuwa anafikiria nini.

Demani yenyewe mwisho wake piga fundo kubwa, la sivyo siku moja itachomoka kwenye kapi na bumu litazunguka mpaka mbele ya boti maana hakuna kamba ya mlingoti ya kulizuia. Na ile kamba ya nyuma inayopita juu ya kana, ambayo kapi ya demani inatembea juu yake, ikaze kama waya wa nguo. Yangu ilikuwa imelegea, kapi inabaki katikati, inagongana na kana.

Kuna ugonjwa mmoja wa Laser ambao mwenye ngalawa haujui. Ukigeuza huku upepo uko mgongoni, bumu likivuka, demani iliyolegea inanasa kwenye kona ya tezi, yaani nyuma ya boti. Bumu linasimama ghafla, wewe umeshahamia upande mwingine, unajua kinachofuata. Nilipinduka hivyo labda mara kumi nadhani ni mkosi. Dawa ni kuipa demani mvuto mmoja mkali wakati bumu linapita katikati, iruke juu ya kona. Mvuto mmoja tu! Hakuna aliyeniambia.

Dagabodi nimeifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, huohuo wa kufungia mkaa kwenye keria. Boti ikigeuka tumbo juu dagabodi inaweza kuteleza kutoka, na bila dagabodi huna pa kukanyaga, unabaki unapapasa bodi laini kama nyangumi. Mlingoti nao una kamba fupi inayoufunga na bodi usichomoke kwenye shimo lake. Na mkanda wa miguu, ule unaochomeka nyayo ukiegemea nje, kagua fundo lake la nyuma kila siku. Langu lilifunguka nimejinyoosha vizuri kabisa, nikaanguka kinyumenyume nimekaza miguu hewani, watu wa Coco Beach wangeniona wangelipa kiingilio.

Mambo mengine harakaharaka. Angalia kizibo cha tezi kabla ya kushuka, bodi ikiingia maji inakuwa nzito na haiinuki. Jaza maji kwenye shimo la mlingoti uache kidogo, yakipungua ujue shimo limepasuka kwa chini na maji yanaingia ndani ya bodi, usitoke nayo. Maji yakipwa usipindukie karibu na ufukwe, mlingoti unachoma mchanga na ukiinua kwa nguvu unaupinda. Laifu jaketi inayobana mwili, kisu kidogo, simu kwenye mfuko wa plastiki, na mtu wa nchi kavu anayejua umetoka saa ngapi. Ukichoka usiiache boti kwa sababu eti ufukwe unauona. Kusi linakupeleka Kawe au Mbezi taratibu, boti inaelea, kaa nayo.

Kupanda ndani nako panda kwa ubavu wa joshini, katikati, vuta mkanda wa miguu, tupa tumbo ndani kama pweza, hakuna namna ya heshima.

Kinachonishinda mpaka leo ni kupinduka kuja joshini, upepo uko mgongoni, boti inaanza kuyumba kushoto kulia, kila mara zaidi kidogo, halafu inakuangukia. Najua kabisa nini cha kufanya, vuta demani ndani kidogo, bumu lisipite usawa wa pembeni, vangi isilegee sana maana tanga likijisokota juu ndilo linalokusukuma. Najua, na mkono hauwahi. Jumapili iliyopita kati ya Bongoyo na Pangavini nilipinduka hivyo mara mbili, kuinua hata dakika haikufika, lakini kofia imekwenda na ndala moja. Hiyo nyingine bado iko ndani ya boti, sijui naitunza ya nini.